Kisigino cha Refa

Mwanne hakuwa mtu wa kinyaa. Mama yake mzazi alikufa na kidonda cha kisukari kwenye unyayo, na ni Mwanne aliyekiosha kila asubuhi mpaka mwisho, huku dada zake wamesimama mlangoni wameziba pua kwa khanga. Kwa hiyo mumewe Tahiri alipovunjika kisigino, hakuna mtu pale kijijini Mnyambe aliyeuliza nani atamuuguza.

Tahiri alikuwa analima korosho kama wanaume wengine, lakini umaarufu wake haukutoka shambani. Alikuwa refa. Mechi za kata, mechi za wilaya, bonanza la sikukuu, filimbi ilikuwa mdomoni mwake. Mfupi, mkavu, mwenye mbio, soksi nyeusi amezivuta mpaka magotini. Alikuwa akitoa kadi bila kumtazama mtu usoni. Watoto wa Newala walikuwa wakimwona barabarani wanaita, "Refa! Refa!" naye anainua kidole kimoja bila kugeuka.

Mwezi wa Mei, mchana, Mwanne alipigiwa simu kutoka hospitali ya Newala. Tahiri mwenyewe ndiye aliyekuwa anaongea, sauti imekatika kwa maumivu.

"Nimeanguka, Mama Somoe. Nilikuwa juu ya mkorosho wa jamaa mmoja huku, namsaidia kupogolea. Tawi limekatika."

Somoe ni binti yao, alikuwa anasoma bweni Masasi. Mwanne hakumpigia. Alichukua khanga mbili na chupa ya chai, akapanda bodaboda. Alimkuta mumewe kitandani, mguu wa kulia umevimba, ngozi inang'aa kama biringanya. Picha ilishapigwa. Kisigino kilikuwa kimepasuka, na wakaandikiwa waende Ndanda kwa daktari wa mifupa.

Daktari wa Ndanda aliitwa Ladislaus, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kugusa mguu alimgeuza Tahiri ubavu, akambonyeza uti wa mgongo pingili baada ya pingili.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Una bahati. Anayetua wima kutoka juu, mara nyingine mgongo nao unaumia. Ulitua kwa miguu?"

"Kwa miguu, daktari."

"Mtu akiteleza mtini huwa anatua anavyotua. Wewe umetua kama mtu aliyeruka."

"Niliona naanguka, nikaamua kuruka," Tahiri alisema haraka.

Daktari akatikisa kichwa kukubali, akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita Mwanne asogee.

"Mama, umeshaona yai la kuchemsha likigongwa mezani? Ganda limepasuka, ila vipande bado vimekaa karibu karibu. Kisigino chake kiko hivyo. Kupasua na kuweka vyuma inawezekana. Lakini ngozi ya hapa ni nyembamba, imevimba, na yeye anavuta sigara. Kidonda cha kisigino kikigoma kufunga kinaoza mpaka mfupani. Na kwa mvunjiko kama huu, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ukiwatazama baada ya mwaka au miwili, wengi wao hawapishani sana. Nashauri tusipasue."

"Mtamfunga hogo la plasta basi?" Mwanne aliuliza.

"Bandeji na kigango kwa siku za mwanzo, uvimbe ushuke. Hogo la muda mrefu litamkausha kifundo. Dawa yake ni kuuinua mguu juu ya mito, kuuweka kitambaa cha baridi, kuchezesha vidole na kifundo kila siku, na kutokanyaga. Kutokanyaga kabisa mpaka nimwambie. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na wewe ndiye mlinzi."

"Nitamlinda. Na atapona?"

"Atatembea. Kisigino kitapanuka kidogo, viatu vyake vya zamani huenda visimwingie. Mteremko na njia ya mawe vitamsumbua." Akamgeukia Tahiri. "Kazi yako nini?"

"Refa."

Daktari aliirudisha picha kwenye bahasha. "Tutaona," alisema.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Malengelenge yalitoka pande zote za kifundo, mengine ya maji, mengine ya damu nyeusi. Waliambiwa wasiyatoboe, na hawakuyatoboa, lakini yalipasuka yenyewe na kulowesha bandeji, na chumba kikajaa harufu kama ya dagaa waliokosa jua. Nzi walijua saa ya kubadilisha bandeji kuliko mtu. Mwanne alikuwa anachemsha maji, anayapoza, anapangusa taratibu kwa mikono yake mitupu, anakusanya ngozi iliyokufa kwenye jani la mgomba na kwenda kuifukia. Alikuwa anamwaga kopo la mkojo. Alikuwa anamwaga na kopo la pili ambalo Tahiri alitemea makohozi ya sigara alizokatazwa, na ambazo wageni walimletea chini ya mto. Alikuwa anamlisha, anamnyoa, anamsuta kwa sigara, anamsikiliza akilalamika juu ya chumvi. Hakuona tabu. Alikuwa na mume mgonjwa, basi.

Kazi moja tu ilimshinda, kumbeba. Nyumba yao ilikuwa na choo cha nje, na kijia cha kwenda huko kilikuwa cha mawe na kimeinama. Magongo yalikuwa yanateleza. Hapo ndipo Alfani alipoingia.

Alfani alikuwa mshika kibendera. Miaka mingi yeye na Tahiri walikwenda pamoja kwenye mechi, kwenye pikipiki moja, filimbi mbele na kibendera nyuma. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye kusita anapoongea. Alikuwa anakaa Newala mjini na mkewe Furaha. Tangu Tahiri alipoumia, alikuwa anakuja Mnyambe kila alipopata nafasi, na Ijumaa hakukosa. Alikuwa akimpeleka choo, anamwogesha, anamvika kanzu, anampakia kwenye pikipiki mguu umenyooshwa juu ya kibao alichokitengeneza mwenyewe, anampeleka msikitini na kumrudisha.

"Shikamoo shemeji," angesema akiingia, ingawa Mwanne hakumzidi sana umri.

"Marahaba, Alfani. Mungu akulipe."

"Aah. Ningeumia mimi, naye angefanya hivi hivi."

Kisha angechuchumaa kando ya kitanda, na Tahiri angempanda mgongoni, mikono shingoni kama mtoto. "Polepole bwana," Tahiri alikuwa akinung'unika. "Unanitikisa." Alfani anaomba radhi, anatembea kwa uangalifu zaidi.

Jambo moja lilimsumbua Mwanne. Furaha hakuwahi kuja. Alikuwa anatuma salamu, aliwahi kutuma na unga wa uji, lakini yeye mwenyewe hakuonekana. Mwanne aliona labda anaona haya kwa kuwa hajaja tangu mwanzo, na sasa aibu imekuwa ukuta. Ikawa mwezi wa Julai, Alhamisi moja, alipokuwa na safari ya Newala kununua salfa ya kupuliza mikorosho, akafunga mihogo mikavu na korosho zilizobanguliwa, akaenda kumshukuru.

Nyumba ya Alfani ilikuwa ukingoni mwa mji, pale ardhi inapokatika kwenda bondeni. Ukisimama mbele unaona nyumba ya kawaida, mlango usawa wa njia. Nyuma, msingi umepandishwa kwa mawe kufuata mteremko, na dirisha la chumbani liko juu kama la ghorofa.

Furaha alipofungua mlango na kumwona, alishika fremu.

"Dada Mwanne."

"Ni mimi, mdogo wangu. Nimekuja kukushukuru. Mumeo ametubeba, na mwanamke anayemruhusu mumewe kufanya vile kila wiki naye anabeba."

"Usinishukuru, dada."

"Kwa nini nisikushukuru?"

"Usinishukuru tu." Furaha alipokea kikapu, akakiweka chini, akakiokota tena. Hakumkaribisha kukaa. Alisema ana kichwa. Kweli uso ulikuwa umemvimba kama mtu aliyelia, na Mwanne alidhani amemkuta katikati ya ugomvi wa nyumba. Akaaga.

Ili kufika barabara ya chini alipita kijia cha nyuma, kinachoshuka kando ya ule msingi wa mawe. Chini yake kulikuwa na jiko la makuti, na bibi mmoja alikuwa anapepeta mtama. Walisalimiana. Bibi alijitambulisha kuwa anaitwa Ethel, na kwamba ndiyo kwanza amerudi kutoka kwa binti yake Masasi, alikokaa tangu mwezi wa Mei.

"Umetoka hapo juu?" aliuliza. "Wewe ni ndugu yao?"

"Mume wangu ni rafiki ya mwenye nyumba. Refa Tahiri."

"Ee, yule mwenye mguu!" Bibi Ethel aliacha kupepeta. "Hajambo sasa? Maskini, nilisafiri kesho yake, sikujua aliishia wapi. Ni mimi niliyempa maji. Alianguka pale pale," akaonyesha kwa kidevu, "kwenye mawe. Nilisikia kishindo nikadhani mbuzi. Kutoka, namwona baba wa watu anatambaa, shati mkononi. Aliniambia alikuwa anatengeneza wavu wa dirisha la rafiki yake. Nikamwambia, mwanangu, kazi ya juu hivyo unafanya bila ngazi? Nikamwitia bodaboda."

Mwanne alitazama juu. Dirisha lilikuwa wazi, pazia la maua linapepea. Wavu ulikuwa umefumuliwa pembe moja na haujarudishiwa.

"Na mwenye nyumba alikuwepo?" alisikia sauti yake inauliza.

"Alikuwa ndiyo kwanza anafika. Nilisikia pikipiki yake mbele, na mara hiyo hiyo kishindo nyuma. Mpaka nilishangaa hakuja kumsaidia mwenzake. Labda hakusikia."

"Labda hakusikia," Mwanne alisema. Akamshukuru kwa maji aliyompa mumewe. Alishuka mpaka barabarani, akanunua salfa aliyoijia, akarudi Mnyambe na mfuko kichwani. Njia nzima hakulia.

Tahiri alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya mito, anasikiliza mpira kwenye redio. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Umechelewa," alisema. "Mguu umekauka, hujaupaka mafuta."

Mwanne alizima redio. "Wavu wa dirisha la Alfani bado haujatengenezwa."

Tahiri alimtazama, akatazama redio. Mwanzo alisema hajui anazungumza nini. Halafu akasema yule bibi ni mzee, anachanganya watu. Mwanne alikuwa hajamtaja bibi yeyote. Tahiri alipogundua hilo akapangusa uso kwa kiganja, akasema ni shetani, ni jambo lililopita, na kwamba Mungu ameshamwadhibu, si anauona mguu?

"Mguu nimeuona," Mwanne alisema. "Nimeuosha. Ijumaa ngapi umempanda yule mtu mgongoni?"

"Mama Somoe, nisikilize."

"Anakutawaza, Tahiri. Anakuosha makalio."

"Ndiyo maana nasema usimwambie!" Alishika mkono wa kiti, akainama mbele, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya kweli. "Ukimwambia, nani atanibeba?"

Mwanne alikwenda nyuma ya nyumba, akashika ukuta, akatapika. Alitapika chai ya asubuhi na maji matupu, na alipodhani yamekwisha alikumbuka ile sauti, nani atanibeba, akatapika tena. Mama yake alikuwa amemwozea mikononi, na hakuwahi kutapika.

Asubuhi alichemsha maji kama kawaida. Alipofungua bandeji, ngozi mpya ilikuwa imeota, ya rangi ya waridi, laini, safi, haina harufu. Daktari angefurahi kuiona. Mwanne hakuweza kuigusa. Alikwenda duka la dawa akanunua glavu, akarudi, akazivaa. Tahiri alizitazama zile glavu, akageuzia uso ukutani.

Ilikuwa Ijumaa. Alfani alifika saa yake ile ile, akapiga hodi, akatoa shikamoo. Mwanne alikuwa amepanga maneno usiku kucha, lakini alipouona uso wa Alfani, na jasho lake, na kibao cha mguu kimefungwa vizuri kwa mpira wa baiskeli kwenye pikipiki, yalimkauka. Alfani akaingia ndani. Akatoka na Tahiri mgongoni, wakaenda chooni, na Mwanne akasimama uani na ndoo, akisikia maji yanamwagika na Tahiri akisema, "Huko bado, hujafika huko."

Waliporudi kijiani, Tahiri alikuwa juu, ametulia, mkono mmoja unapigapiga bega la Alfani kama mtu anayemsifu ng'ombe. Hapo Mwanne akaweka ndoo chini.

"Alfani, muulize mwenzako alianguka wapi."

Alfani alitabasamu, akidhani ni utani. "Si kwenye mkorosho, shemeji?"

"Muulize mkorosho wa nani."

Mkono wa Tahiri uliokuwa begani ulisimama, na Alfani aliusikia unavyosimama. Akabaki amesimama katikati ya kijia, amembeba.

"Tahiri. Mkorosho wa nani?"

Tahiri aligeuza macho kule chooni walikotoka.

"Siku ile uliyoumia," Alfani alisema taratibu, kama anayejisomea mwenyewe, "nilirudi mapema, mechi ya Masasi, niliyopangwa bila wewe, iliahirishwa. Nilimkuta Furaha anatetemeka. Akasema ana homa. Nilimnunulia dawa." Alimpandisha Tahiri vizuri mgongoni. "Wavu ulikuwa umefumuka. Akasema ni paka."

"Nishushe tuongee," Tahiri alisema.

Mwanne alidhani atamtupa. Angemtupa pale kwenye mawe, hakuna mtu Mnyambe ambaye angemlaumu. Alfani alitembea naye mpaka barazani, akachuchumaa kama siku zote, akamshusha juu ya mkeka. Akauchukua ule mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya mito, akahakikisha haugusi chini. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, akaendelea kujifuta mpaka kwenye pikipiki. Hakumtazama Tahiri tena. Kile kibao alikifungua, akakiegemeza ukutani, akaondoka.

Wiki hiyo hiyo Furaha alirudishwa kwao. Alfani hakusimulia mtu, lakini Newala ni mji mdogo.

Nyumba ya Mnyambe na shamba lake vilikuwa vya mama yake Mwanne, na Tahiri aliingia hapo kama mkwe. Jioni ya Ijumaa ile Mwanne alimwambia maneno machache. "Nilimwahidi daktari kwamba hutakanyaga mpaka aseme. Ahadi hiyo nitaitimiza. Siku atakayosema umepona, utatoka humu kwa miguu yako miwili."

Akaitimiza. Alimlipa kijana wa jirani ambebe. Yeye alipika, alifua, alihimiza mazoezi ya kifundo kutoka mlangoni: juu, chini, zungusha. Tahiri alikuwa anatii akimtazama kwa macho ya kuomba. Mara nyingine alikuwa anatoa sauti ya maumivu yeye akipita tu, na akishapita sauti inakoma. Mwanne aligundua hilo mapema, akawa anapita mara nyingi zaidi bila viatu, asisikike, na kila akimkuta kimya, anasikia kichefuchefu kile kile kinapanda.

Mwezi wa Agosti walirudi Ndanda. Daktari Ladislaus alibonyeza kisigino pande zote, akapiga picha mpya, akaridhika. "Mfupa umeunga. Anza kukanyaga kidogo kidogo, na magongo. Mama, umefanya kazi kubwa. Wengi wanaharibikiwa kwa haraka tu ya kukanyaga." Mwanne alisema asante. Mwezi wa Oktoba walirudi tena, na daktari akaichukua ile jozi ya magongo, akaiegemeza pembeni, akamwambia Tahiri atembee ukumbini kwenda na kurudi. Alitembea. Alichechemea, unyayo ulikuwa haukunjiki vizuri kwenda upande, na kisigino kilikuwa kipana kuliko cha pili, lakini alitembea.

"Panauma ukisimama sana?"

"Panauma."

"Na hapa tambarare?"

Tahiri alimtazama Mwanne kabla ya kujibu. "Kidogo."

"Kwa mvunjiko ule, haya ni matokeo mazuri. Tafuta kiatu kipana chenye sponji chini. Shambani utafanya kazi, pole pole, sehemu isiyoinama. Mbio za uwanjani, ndugu yangu, hapana. Maumivu yatapungua mpaka mwaka na zaidi, mengine utabaki nayo. Magongo sasa yaweke."

Walipofika nyumbani, Mwanne alimwonyesha Tahiri begi lake, limeshapangwa.

Tahiri hakulichukua. Alikwenda kuwaita wazee wa pande zote mbili. Walikaa sebuleni, msimu wa korosho umeanza na kila mtu ana haraka ya kurudi shambani. Upande wa Mwanne msemaji alikuwa mjomba wake, Abdulkadiri. Tahiri aliingia wa mwisho, na Mwanne hakuamini macho yake. Alikuwa kwenye magongo mawili, mguu wa kulia umening'inia hewani, bandeji mpya nyeupe mpaka kwenye muundi. Alikaa kwa kuguna. Mmoja wa ndugu zake akainuka kumwekea mto.

"Mimi ni kilema sasa," Tahiri alisema, na machozi yalikuwepo. "Nilikosa, nimekiri. Lakini mke anamtupa mgonjwa? Angenifukuza nikiwa mzima, sawa. Mnanitazama. Hata kusimama siwezi."

Baba yake mdogo aliitikia kwamba mwanamume kukosea ni jambo la kawaida, ila kumwacha mgonjwa ni jambo la aibu. Wengine wakaguna kukubali. Wakamgeukia Mwanne.

"Daktari alisema nini?" mjomba Abdulkadiri aliuliza.

"Alisema mfupa umeunga. Alisema aweke magongo."

"Daktari hausikii mguu wangu!" Tahiri alisema. "Usiku silali."

Wazee walianza kubishana. Katikati ya ubishi simu ililia. Ilikuwa ya Tahiri, inachajiwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba, na mlio wake ulikuwa ule aliouwekea simu za chama cha waamuzi. Tahiri aliinuka. Alivuka sebule, akapita katikati ya miguu ya wazee, anachechemea, kisigino kinagonga sakafu, akanyoosha mkono kabatini. Hapo ndipo alipokumbuka. Alisimama mgongo umewageukia, simu inaendelea kulia mkononi. Kisha, badala ya kugeuka na kusema lolote, akauinua mguu wa kulia polepole kutoka sakafuni, akashika kabati, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja kurudi kwenye magongo.

Hakuna aliyecheka. Baba yake mdogo aliinamisha uso. Yule ndugu aliyemwekea mto aliuokota mto wake.

"Kanyaga tu, Tahiri," mjomba Abdulkadiri alisema, na alisema kwa sauti ya mtu aliyeonja kitu kibovu. "Kanyaga. Usituchoshe."

Tahiri aliondoka siku hiyo. Njia ya kutoka kwa Mwanne kwenda barabarani inashuka kwa mawe, na kule hakuigiza, kwa sababu hakujua kama anatazamwa. Alishuka ubavu ubavu, akishika mashina, unyayo ukimkatalia kila jiwe, na mara mbili alisimama akikunja uso na kushika kisigino. Yalikuwa maumivu ya kweli, yale aliyoyasema daktari, na Mwanne aliyatambua kwa kuwa alikuwa ameyauguza. Alisubiri kuona kama atamhurumia. Hakuona huruma, wala furaha. Aligundua tu kwamba amezuia pumzi, kama mtu anayepita karibu na mzoga, akaingia ndani.

Tahiri alihamia Masasi kwa dada yake, mahali pa lami na tambarare. Walisema anatembea vizuri, anavaa kandambili pana, siku za mvua anachechemea zaidi, na kwamba wamempa nafasi ya kufundisha waamuzi vijana sheria za mchezo. Somoe alikwenda kumsalimia mara moja, hakurudi tena.

Mwanne alikutana na Alfani Desemba, sokoni Newala, anachagua nyanya. Walisalimiana kwa shida. Shikamoo ilikuwa ile ile. Alinunua nyanya zake, akazilipia, akabaki amesimama.

"Shemeji, nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Ulijua lini?"

"Alhamisi. Wewe ulikuja Ijumaa."

"Kwa hiyo ile ya chooni, asubuhi ile, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Sauti ilinigoma. Nisamehe kwa ile moja."

Alfani aliitazama mikono yake, kubwa, ina udongo wa nyanya. Midomo ilimkunjamana. Aligeuka pembeni, akatema mate kwenye mtaro, akajifuta.

"Na yeye, mgongoni kwangu, alikuwa anajua zote," alisema.

Akauliza bei ya vitunguu, na Mwanne akaendelea na safari yake.